Barafu Juu ya Kope

Masukulu, Rungwe
18 Februari 2024

Mwanangu Tulia,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Sisi huku wazima. Mvua imekuja vizuri, migomba imesimama, na chai inachipua kuliko mikono ya kuichuma. Yule ng'ombe mwekundu amezaa jike, na kaka yako Obed amempa jina lako kwa sababu, anasema, hatulii hata kidogo. Obed mwenyewe anaendelea na duka lake la vipuri vya pikipiki pale Ibighi. Ndaga fijo kwa kitenge ulichotuma. Nitakishona.

Nimeona tuandikiane, kama ulipokuwa shule ya bweni. Simu yangu siku hizi inakoroma tu, nasikia nusu ya maneno. Barua nitampa Obed aipeleke ofisi ya mabasi Tukuyu, na wewe utaichukua kituoni Dar. Barua mtu anaisoma mara mbili, simu ukishakata imekwisha.

Kwaya nimepumzika kidogo, koo limechoka. Usijali.

Nina jambo la kukuuliza. Watu wananiuliza kanisani, huyu binti uliyemlea anasoma nini huko chuo kikuu, nami najibu kwamba anasoma kemia ya mwili. Wakiuliza ndiyo kitu gani, nabadilisha mazungumzo. Niandikie vizuri, kwa maneno ya kwetu, ili siku nyingine nijibu kama mtu anayejua.

Shangazi yako,
Tusekile


Dar es Salaam
10 Machi 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, ila joto la huku linanifanya niione Tukuyu na ukungu wake kila ninapofumba macho. Baba amenipigia kutoka Mwanza, anakusalimu sana, anasema dada yake amekuwa adimu. Mwambie Obed kwamba nimesikia habari za ndama na nitalipiza.

Sasa ulichouliza. Chukulia unataka kuinua kikapu cha chai. Ubongo unatuma amri, amri inapita kwenye mshipa wa fahamu mpaka karibu na msuli wa mkono, lakini haugusi msuli. Kuna upenyo mdogo sana katikati. Hapo mshipa unamwaga mjumbe, kemikali inayoitwa asetilikolini. Mjumbe anavuka upenyo, anagonga mlango kwenye msuli, msuli unajikaza, kikapu kinainuka.

Lakini mjumbe akibaki pale mlangoni akigonga na kugonga, msuli hautalegea tena. Kwa hiyo mwili umeweka kisu palepale. Kisu hicho ni kimeng'enya, na kazi yake ni kuchukua maji, tone dogo kuliko yote unayoweza kufikiria, na kuyatumia kumkata mjumbe vipande viwili. Kimoja ni asidi ileile iliyo kwenye siki. Kingine mshipa unakirudisha ndani na kukitengenezea mjumbe mpya. Yote hayo yanatokea kabla hujapepesa jicho. Kukata kwa maji namna hiyo tunakuita hidrolisisi. Ndiyo inayomeng'enya hata ndizi unazokula, lakini mimi nimependa hii ya wajumbe.

Kazi yangu ya mwaka wa mwisho inatumia kisu hicho. Tunapima mboga za sokoni kama zimebaki na dawa za wadudu, kwa sababu nyingi za dawa hizo zinaua kwa kukiharibu kisu. Mdudu anajikaza, hawezi kulegea, anakufa. Mtu akizivuta kwa wingi naye yanampata hayohayo.

Sasa na mimi nina swali. Obed anasema asubuhi mnaongea kwenye simu bila shida yoyote. Kwa nini kwangu inakoroma? Na mistari ya barua yako imeanza imenyooka, ukurasa wa pili imeteremka kama mtu anayeandika huku amelala. Na lini koo lako lilichoka, Shangazi? Wewe uliyekuwa unaimba Pasaka nzima na kesho yake unakwenda shamba.

Mwanao,
Tulia


Ibighi, Tukuyu
2 Mei 2024

Mwanangu Tulia,

Nakusalimu. Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Bi Zakia, fundi cherehani wa hapa Ibighi, yule aliyetushonea majoho ya kwaya na tukawa marafiki tangu wakati huo. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimekuja kukaa kwake kidogo kwa sababu njia ya Masukulu imekatwa na mvua, na pia nyumbani ni mbali na duka la Obed.

Samahani kwa kuchelewa. Mvua ya mwaka huu si ya kawaida, migomba mingi imelala. Ng'ombe wanaangaliwa na jirani. Maharage yameoza kidogo, tutapanda mengine.

Nimeelewa habari ya mjumbe na kisu. Nimemsomea Zakia, naye akasema kumbe hata ndani ya mtu kuna mafundi.

Soma mitihani yako vizuri. Ndilo ninalolitaka.

Shangazi yako,
Tusekile

Tulia mwanangu, mimi Zakia naongeza hapa chini. Shangazi yako amekwenda kulala, nami nitafunga bahasha kabla hajaiona. Hayo ya njia kukatwa ni kweli, lakini siyo yaliyomleta kwangu. Nimemleta mimi. Tangu Krismasi kope ya jicho lake la kushoto inashuka mchana, na sasa ya kulia imefuata. Ananiambia anaona sindano mbili mkononi mwangu. Akianza kula anakula vizuri, akifika nusu ya sahani taya linachoka, analishikilia kwa mkono ili atafune. Juzi maji yalimtoka puani. Akiongea sana sauti inapita puani, maneno yanateleza, ndiyo maana hataki simu yako, kwa kuwa wewe unapiga jioni. Asubuhi akiamka ni mzima kabisa, na hilo ndilo linalofanya watu wasimwamini.

Mzee Hosea, mzee wa kanisa anayesimamia kwaya, alimwambia akae pembeni kwanza. Hakusema pombe, lakini alisema ibada ya jioni si mahali pa mtu aliyelegea ulimi. Shangazi yako hajawahi kuonja pombe tangu nimjue. Alivua joho akalikunja, akaniletea mimi nimtunzie. Kwenye zahanati moja walimpa dawa ya matone ya macho, wakamwambia ni umri.

Amenikataza kukwambia mpaka umalize mitihani. Mimi nimeshindwa. Akinilaumu, nitalaumiwa.


Dar es Salaam
12 Mei 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Jana nilimpigia Bi Zakia, nikamwomba akupe simu, nikasikia ukisema kwa mbali kwamba umelala. Mtu aliyelala hasemi amelala. Basi naandika, kwa sababu barua huwezi kuikataa, na nimeona kwamba barua zangu unazisoma.

Usimlaumu Bi Zakia. Nilichukua maneno yake nikampelekea daktari wa mishipa ya fahamu anayekuja kutufundisha. Aliyasoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini akayasoma tena. Aliuliza maswali matatu tu. Je, inazidi akitumia msuli na kupungua akipumzika? Nikasema ndiyo. Je, mikono na miguu inahisi kama kawaida akiguswa? Bi Zakia aliniambia ndiyo. Je, anapumua vizuri? Bi Zakia anasema ndiyo. Hilo la tatu ndilo kubwa. Siku pumzi ikiwa nzito au ukishindwa kumeza mate, msisubiri asubuhi, msisubiri mimi, mwende hospitali saa hiyohiyo.

Anadhani ni ugonjwa unaoitwa miastenia. Siyo umri, siyo pombe, siyo mtu aliyekufanyia kitu. Unakumbuka mlango kwenye msuli anaougonga mjumbe? Kinga ya mwili wako, ile inayopigana na magonjwa, imekosea. Inaishambulia milango. Wajumbe wako wanatoka wengi kama zamani, lakini milango iliyobaki ni michache, na kabla mjumbe hajaupata mmoja, kisu kimeshamkata kwa maji. Ndiyo maana asubuhi, misuli ikiwa imepumzika, unakuwa mzima, na jioni kope zinaanguka.

Dawa ipo. Inapunguza kasi ya kisu, mjumbe apate muda wa kutafuta mlango. Sitakuficha, maana wewe hujanifundisha kuficha: inakigusa kisu kilekile kinachoharibiwa na dawa za wadudu. Lakini hii inatolewa kwa kipimo.

Ni lazima mwende hospitali kubwa ya Mbeya, lakini kabla ya hapo kuna jambo mnaweza kulifanya nyumbani. Daktari amesema halimalizi neno, ila linaonyesha njia. Mchana, kope ikiwa imeshuka, Bi Zakia afunge barafu kwenye kitambaa safi, aiweke juu ya jicho lililofumbwa kwa muda wa kuimba ubeti mmoja wa tenzi polepole, kisha aitoe na kutazama. Baridi inakifanya kisu kiwe kizito.

Mitihani nimeanza. Hiyo ni kazi yangu. Yako ni hii.

Mwanao,
Tulia


Ibighi, Tukuyu
26 Mei 2024

Mwanangu Tulia,

Nakusalimu. Naandika mwenyewe, ni asubuhi, na macho yote mawili yako wazi.

Kwanza nilimkasirikia Zakia. Siku mbili sikumsemesha zaidi ya salamu. Yeye aliendelea kushona kama hajui. Siku ya tatu akaja na mfuko wa barafu aliouomba kwa muuza samaki, unanuka sato mpaka kesho, akaniambia, "Mama Obed, kasirika huku umekaa. Fumba jicho."

Sikutaka. Nitakwambia kwa nini, maana umesema sikukufundisha kuficha. Bibi yako, mama yangu, miezi yake ya mwisho alikuwa hamezi. Nilimlisha uji kwa kijiko, na nusu yake ilikuwa inarudi. Mimi maji yaliponitoka puani nilijua njia yangu ni ileile, nikaona heri nimalize kimyakimya, nawe umalize chuo. Barafu ilikuwa nini mbele ya hilo? Nikaona tukiiweka na kope ikabaki chini, basi nitakuwa nimeambiwa.

Lakini nilikaa. Obed alikuwepo, amefunga duka mapema. Zakia akaweka barafu juu ya jicho la kushoto, maji yananitiririka shingoni, naye akaanza kuimba tenzi ya kwetu, yeye Mwislamu, kwa sababu ulisema ubeti mmoja. Ameisikia dirishani kwake miaka yote akizishona nguo zetu. Alikosea maneno mawili. Kisha akaitoa, akanifuta, akaniambia nifumbue.

Zakia aliinama kunitazama. Mimi sikuelewa, nikamtazama Obed, nikaona Obed mmoja. Mwanangu, Obed mmoja, amekaa kwenye kiti kimoja. Zakia akanipa kile kioo cha wateja, nikaiona kope yangu imesimama kama ya msichana, na jirani yake wa kulia bado amelala. Haikudumu, ilianza kushuka tena kabla chai haijapoa. Lakini nimeiona.

Obed alitoka nje akakaa kwenye ngazi muda mrefu. Aliporudi alisema Jumanne tunakwenda Mbeya, na hakuniuliza kama nataka.

Shangazi yako,
Tusekile


Ibighi, Tukuyu
20 Juni 2024

Mwanangu Tulia,

Nakusalimu, na hongera kwa kumaliza mitihani. Baridi imeingia, asubuhi nyasi ni nyeupe kwa umande na Zakia anashona akiwa amevaa makoti mawili. Ndama wako ameacha kunyonya.

Tumekwenda Mbeya hospitali kubwa. Daktari ni kijana, mpole, alinihesabisha kwa sauti mpaka ikaanza kuingia puani, akanitazamisha juu mpaka kope zikaanguka zenyewe. Nilimwambia habari ya barafu, akacheka kwa furaha, akaniuliza nani amenifundisha. Nikamwambia nina mtoto anasoma kemia ya mwili, na nikamweleza mjumbe, kisu na maji. Nilijibu kama mtu anayejua. Walichukua damu, na wakanipiga picha ya kifua, kwa sababu wanasema kuna nyama ndogo nyuma ya mfupa ambayo wakati mwingine inaota uvimbe na kuleta ugonjwa huu. Majibu ya picha bado.

Vidonge amenipa. Viko kabatini.

Sijaanza. Nawajua watu wa Kyimo wanaopulizia viazi dawa ya wadudu bila kufunika uso. Nimemwona mmoja akiletwa kwa machela, mate yanamtoka, jasho linamtoka, anatetemeka mwili mzima. Wewe mwenyewe umeandika kwamba ni kisu kilekile. Nasubiri kwanza majibu ya kifua.

Shangazi yako,
Tusekile


Dar es Salaam
27 Juni 2024

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimepata barua yako kituoni na kuisoma nikiwa nimesimama kwenye jua. Habari za bibi, zile ulizoniandikia Mei, sikuzijua. Nilikuwa mdogo, niliambiwa tu kwamba alilala.

Sitakwambia meza tu. Nitakwambia kinachotokea, kisha uamue.

Dawa kali za viazi zikiingia mwilini zinajibandika kwenye kisu, na maji, yale yanayofanya kazi zote hizi, hayawezi kuzibandua, au yanazibandua polepole mno. Kisu kimekwisha. Mpaka mwili utengeneze kingine, mtu ameshazama katika wajumbe wake mwenyewe. Ndiyo uliyoyaona yakimtoka yule mtu.

Kidonge chako kinajibandika pia, lakini kwa gundi dhaifu. Na kinachokuja kuibandua gundi hiyo ni maji yaleyale. Saa chache tu, maji yameikata, kisu kiko huru, ndiyo maana utameza kingine mchana na kingine jioni. Hakuna kinachoharibika. Ukizidisha, ndiyo, utatokwa na mate na tumbo litakusokota, na hapo unamwambia daktari anapunguza. Usijiongezee mwenyewe hata siku unayojisikia vibaya. Na ukienda kutibiwa kitu kingine chochote, waambie kwanza una miastenia, maana zipo dawa zinazoweza kuuzidisha.

Mimi nimeshika kisu hicho ndani ya chupa ndogo mwaka mzima. Nimekiua mara nyingi na nimekipunguza kasi mara nyingi. Najua tofauti yake kama wewe unavyojua jani la chai lililoiva na lililopita. Kama ningekuwa na shaka, ningekuja kuvitoa kabatini kwa mkono wangu.

Anza asubuhi, Bi Zakia akiwepo, nusu saa kabla ya chakula, kama daktari alivyosema. Usisubiri kifua. Kifua ni jambo lingine.

Mwanao,
Tulia


Masukulu, Rungwe
14 Septemba 2024

Mwanangu Tulia,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Ndiyo, nimerudi Masukulu. Kuta zimeota ukungu na kuku wamekuwa wakali, lakini nyumba ni yangu. Obed anakuja kila Jumapili. Baba yako amepiga simu, tumeongea mpaka salio likamwishia. Tumesikia kwamba umepata kazi kwenye maabara ya Mbeya na utaanza Novemba. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilikuwa nafanya kazi, na sina kisingizio kingine.

Nilianza vidonge siku nilipopata barua yako. Nilimeza, nikakaa kwenye kiti cha wateja wa Zakia na kusubiri nitetemeke. Sikutetemeka. Tumbo lilinguruma kidogo. Kisha Zakia akaleta ndizi na nyama, nikala huku tunasema habari za watu, na nilipotazama chini sahani ilikuwa tupu na mkono wangu haukuwa kwenye taya. Nikaomba nyama tena.

Majibu ya kifua yalitoka Julai. Ile nyama nyuma ya mfupa haina kitu, ni safi. Daktari alisema neno "safi" mara mbili, kwa sababu nilimwomba arudie. Njia nzima ya kurudi Tukuyu Obed alipiga mluzi. Dawa nitaendelea nayo, pamoja na nyingine aliyoniongezea ya kuituliza kinga ya mwili, pengine maisha yangu yote, na zipo siku jioni kope bado inajaribu kushuka. Naiacha ishuke, napumzika, inapanda. Si ule ugonjwa wa mama yangu. Hata kama ungekuwa ndio, naona yeye hakuwa na wa kumwandikia.

Kuna kimoja sikukwambia, wala Zakia hakukwambia kwa sababu hata yeye sikuwa nimemwambia. Miezi ile nilikuwa nimeacha kucheka. Siyo kwa huzuni. Nikicheka, uso ulikuwa haupandi, midomo inavutika kama ya mbwa anayetaka kuuma. Binti mmoja mdogo kanisani aliniuliza kwa nini nimemkasirikia, na mimi nilikuwa namfurahia. Tangu hapo, mtu akisema la kuchekesha nilikuwa natazama chini.

Basi wiki iliyopita nilikuwa kwa Zakia, na Mzee Hosea amekuja kupimwa koti. Zakia alikuwa ameishikiza mikono yote miwili ya koti kwa pini. Nafikiri hakutegemea kunikuta. Alinitazama, akakohoa, akaamua amalize jambo lake palepale. Alisema nirudi kwaya, alisema alinihukumu bila kuniuliza, na alisema kwa kweli, mwanangu, si kwa mdomo tu. Lakini unamjua, hawezi kusema jambo zito bila kuinua mkono kama yuko mimbarani. Akauinua. Mkono wa koti ukang'oka wote ukabaki unaning'inia kiwikoni, naye hakuuona, akaendelea kuomba msamaha huku mkono wa pili nao unaanza kuteremka.

Nilijitahidi. Niliuma mdomo. Kisha kicheko kikatoka, kikubwa, cha tumboni, mpaka machozi, na Mzee Hosea akajitazama naye akaanza. Nilimshika mkono nikamwambia yamekwisha, ila sikuweza kumaliza maneno.

Zakia alikuwa amesimamisha cherehani. Hakuwa anautazama mkono wa koti. Alikuwa ananitazama mimi usoni.

"Mama Obed," akasema, "unacheka."

Shangazi yako akupendaye,
Tusekile